Sura ya Nne: Mbona Stelingi Haishiwi na Risasi?

Swali hili husikika sana kwenye vibanda vya vidio vya Ukunda, na mara nyingi huulizwa na watoto, maana watu wazima walishazoea. Stelingi ameingia msituni kifua wazi, bunduki moja mkononi. Anamimina risasi kulia, anamimina kushoto, maadui wanaporomoka, helikopta inashuka ikiwaka moto, na yeye bado anamimina. Hajabadilisha kitu. Kijana aliyekaa benchi la mbele anageuka nyuma: "Ami, kwani hizo risasi azitoa wapi?" Ami anamwambia anyamaze atazame picha.

Sisi tusimnyamazishe. Swali lake likifuatwa mpaka mwisho hututoa kwenye bunduki na kutupeleka mahali ambapo filamu za vita hazipendi kwenda: kwenye mabega ya mtu aliyezibeba hizo risasi. Tutaanza na makosa madogo, tuyapite upesi, kisha tushuke barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Kati ya 1914 na 1916 Kwale ilikuwa uwanja wa vita, na waliopigana Gazi, Mwele na mpakani Vanga wana mengi ya kumjibu kijana huyu.

Sekunde tatu tu

AK-47, bunduki maarufu kuliko zote kwenye picha za kivita, hubeba risasi 30 katika magazini moja. Magazini ni kile kibweta cha chuma kilichopinda kinachopachikwa chini ya bunduki. Ikiachiwa ipige mfululizo, AK hutoa risasi 600 kwa dakika, yaani 10 kila sekunde. Ukibana kifyatulio bila kuachia, baada ya sekunde 3 umebaki na chuma kitupu. G3, ambayo Wakenya wengi wameiona begani kwa polisi, hubeba risasi 20, kwa hivyo huisha mapema zaidi.

Magazini ya AK iliyojaa ina uzito wa takriban gramu 800. Stelingi akipiga mfululizo kwa dakika 2 atahitaji magazini 40, na hizo ni kilo 32. Mtu kifua wazi, mwenye suruali ya mifuko miwili, kilo 32 amezificha wapi? Hata akizipata, mtutu utakuwa umepata moto wa kuunguza mkono. Ndiyo maana askari wa kweli hufundishwa kupiga moja moja au mbili mbili, huku akihesabu.

Makosa mengine ya aina hii yanajirudia kila mwaka:

- Mlipuko na mlio wake hufika pamoja. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, tena mwanga huitangulia mbali sana. Simama upande mmoja wa hori la Gazi umtazame fundi akigongomea msumari kwenye mashua upande wa pili: nyundo inashuka kwanza, mlio unafuata. Bomu lililo kilomita moja husikika baada ya karibu sekunde 3.
- Kile kibomba cha kuzima mlio kinachofungwa mdomoni mwa bunduki hufanya risasi inong'one. Ukweli ni kwamba bunduki hupiga kelele ya desibeli 160 hivi (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), na kibomba huishusha hadi karibu 130. Bado mtaa mzima utaamka.
- Guruneti, yaani bomu la kurusha kwa mkono, hutoa mpira mkubwa wa moto. Moto ule ni petroli ya mafundi wa filamu. Guruneti halisi hutoa vumbi, moshi na vipande vya chuma, na vipande ndivyo vinavyoua.
- Aliyepigwa risasi hurushwa nyuma hatua kadhaa. Risasi ingekuwa na nguvu hiyo, ingemrusha na aliyeipiga.

Watengenezaji wanayajua haya yote. Filamu kubwa huajiri mshauri wa kijeshi, kwa kawaida mwanajeshi mstaafu, naye huyasema. Lakini neno la mwisho ni la mwongozaji, na mwongozaji anauza tiketi. Stelingi akisimama kila sekunde 3 kupachika magazini, picha inapoa. Mimi makosa haya hayaninyimi usingizi. Fumo Liyongo naye hakuingiwa na chuma mpaka alipochomwa sindano ya shaba kitovuni, na hakuna aliyemdai msimulizi ushahidi. Kosa linalonikera ni lingine.

Vita vyetu, mandhari ya kwingine

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka minne, kati ya Waingereza waliotawala Kenya na Wajerumani waliotawala Tanganyika. Filamu zilizojaribu kuvisimulia si nyingi. Tuzitazame chache.

*The African Queen*, ya 1951, inawaonyesha Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakishuka mtoni kwa kijimeli kibovu, wametengeneza mabomu kwa mitungi ya gesi, na hatimaye wakiizamisha manowari ya Wajerumani ziwani. Habari hiyo imechota kwenye meli halisi, Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma na kuungwa upya huko. Hakuna adui aliyeizamisha. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 walipokuwa wakikimbia. Waingereza wakaiopoa 1924, ikapewa jina Liemba, ikaendelea kubeba abiria na dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Filamu ikakatisha maisha ya meli ambayo ilikuwa bado safarini.

*Shout at the Devil*, ya 1976, ilipigwa Malta na Afrika Kusini. Humo Lee Marvin na Roger Moore wanaingiza bomu ndani ya meli ya kivita ya Wajerumani iliyojificha kwenye delta, na meli inalipuka. Meli iliyochotewa hadithi hiyo ni Königsberg, iliyojificha Rufiji. Iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915 na meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, zilizoweza kuelea kwenye maji machache, huku ndege ikizielekeza makombora yaangukie wapi. Nani alilipua nini si hoja kubwa. Hoja ni kwamba filamu inaisha pale meli inapolipuka, na vita vya Königsberg ndipo vilipoanza upya. Tutarudi kwenye mizinga yake.

Miaka ya 1990 ikaja safu ya televisheni ya kijana Indiana Jones, iliyokuwa na kisa cha mzinga mkubwa uliopandishwa kwenye garimoshi na kufichwa mlimani. Indiana anamteka Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Wajerumani, na kutoroka naye kwa puto. Maskini Waingereza! Walimkimbiza miaka minne bila kumtia mkononi. Alisalimisha silaha kwa hiari Novemba 1918, Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, baada ya kupata habari kwamba Ulaya wameshapatana.

Na tusidhani ni mambo ya zamani. *Eye in the Sky*, ya 2015, inaonyesha mtaa wa Nairobi uliotekwa na wanamgambo, wenye vizuizi vya barabarani na magari ya wazi yaliyofungwa bunduki nzito. Nairobi haijawahi kuwa na mtaa kama huo. Filamu yenyewe ilipigwa Afrika Kusini.

Kwa ufupi: makosa ya bunduki hupotosha sekunde chache. Makosa ya historia hupotosha nani alikuwepo, nini kiliendelea, na nani alilipa.

Gazi, tarehe 7 Oktoba 1914

Msafiri wa leo anayetoka Diani kwenda Msambweni hupita Gazi akiwaza mikoko na samaki. Mwaka 1914 kijiji hiki, kilomita zipatazo 50 kusini mwa Mombasa, kilikuwa ngome ya kuilinda bandari. Wajerumani walikuwa wamevuka mpaka upande wa Vanga, na lengo lao lilikuwa Mombasa.

Miongoni mwa waliowazuia ni kikosi ambacho mwandishi wa filamu angekikataa kwa kuona kimezidi chumvi. Kiliundwa Mombasa kwa Waarabu na Waswahili wa pwani, chini ya Mwingereza mwenye shamba la mkonge aitwaye Arthur Wavell, ambaye miaka michache kabla ya vita alikwenda Makka akijifanya haji wa Kizanzibari, akarudi na kuandika kitabu. Wavell alijeruhiwa mwaka huohuo wa 1914, akapona, akarudi mstari wa mbele, na kuuawa Januari 1916 huko Mwele, bara nyuma ya Gazi. Mwele hiyohiyo ndiyo boma la msituni alimojikinga Mbaruk bin Rashid Mazrui, bwana wa Gazi, mpaka manowari za Admirali Rawson wa Uingereza ziliposhusha watu wao Agosti 1895 na kulivunja. Mahali pamoja, vita viwili, miaka 20 hivi kati yake. Sijaona filamu hata moja.

Tarehe 7 Oktoba Wajerumani waliishambulia Gazi. Upande wa ulinzi kulikuwa na watu wa Wavell, wanajeshi kutoka India, na askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya maafisa Waingereza, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Katika kombania moja ya Keya (kombania ni kundi la askari mia moja hivi) maafisa wa Kizungu walijeruhiwa. Kwa sheria za sinema, hapo kombania ingetawanyika, au angetokea Mzungu mwingine kuiokoa. Haikuwa hivyo. Sajini wao, Mwafrika aitwaye Sumani, aliwaongoza wenzake wakaendelea na shambulio, na Wajerumani wakarudishwa nyuma.

Sasa mtazame huyo Sumani kwa karibu, kama kamera ingemsogelea. Miguuni hana viatu. Keya wa wakati ule walipigana peku, miguu imezungushiwa vitambaa kutoka kifundoni hadi chini ya goti na nyayo ziko chini, juu ya miiba, makombe ya chaza na mizizi ya mikoko inayochomoza kama misumari. Aliyewahi kukatiza mikoko ya Gazi maji yakiwa yametoka anajua kwamba huwezi kukimbia humo. Unavuta mguu mmoja, mwingine unazama. Kwenye filamu askari wote huvaa buti na wote hukimbia.

Mtazame na anayempiga. Askari wengi wa Wajerumani mwanzoni mwa vita walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, inayopiga risasi moja kisha inajazwa tena, na baruti yake hutoa wingu la moshi mweupe. Ukipiga tu, umejitangaza mahali ulipo. Mkuu wa mavazi na silaha kwenye filamu hukodi bunduki zinazofanana kutoka ghala moja, basi moshi ule huuoni, na bila moshi huelewi kwa nini watu walikuwa wakipiga risasi na kuhama papo hapo.

Jasini, risasi zilipohesabiwa

Miezi mitatu baadaye, ng'ambo ya pili ya mpaka karibu na Vanga, ndipo swali la kijana wa Ukunda lilipojibiwa kwa damu. Waingereza walikuwa wameweka kikosi kidogo cha Wahindi kwenye shamba la mkonge la Jasini. Tarehe 18 Januari 1915 Lettow-Vorbeck alikizingira. Wahindi walipigana siku nzima na usiku wake. Kamanda wao, Kanali Raghbir Singh wa Kashmir, aliuawa. Asubuhi ya tarehe 19 risasi zikawaishia, wakapandisha kitambaa cheupe.

Watu mashujaa, ngome imara, na kilichowashinda ni sanduku tupu. Lettow-Vorbeck aliwasifu maafisa wa Kiingereza aliowateka, na kuwaachia kwa ahadi kwamba hawatapigana naye tena. Hapo kwa kweli mambo yalifanana na sinema.

Lakini mshindi naye aliketi kupiga hesabu. Watu wake walikuwa wamepiga risasi zipatazo 200,000. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, hakuna shehena mpya kutoka Ujerumani. Akaona kwamba kwa akiba aliyonayo, vita vya namna ile angeweza kuvimudu mara tatu tu, na kwamba maafisa wake wangekwisha. Tangu hapo akabadili mbinu: kushambulia reli, kuvizia, kupiga na kutoweka. Vita vya kuvizia vinavyosifiwa kwenye vitabu kama werevu wa jenerali vilizaliwa na upungufu wa risasi, hapo Jasini, mwendo mfupi tu kutoka Vanga.

Na hizo 200,000 alizitoa wapi? Nyingine ziliachwa na Waingereza wenyewe. Novemba 1914 walishusha watu wapatao 8,000 Tanga, wamechoshwa na safari ya bahari kutoka India, mahali penye mikoko ambapo hapakuchunguzwa vya kutosha. Wakapigwa na jeshi la takriban 1,000, wakaumwa na nyuki, wakapanda meli na kuacha ufuoni zaidi ya nusu milioni ya risasi. Nyuki wale ni wa kweli. Wangekuwa kwenye filamu, tungesema mwandishi amezidisha.

Aprili 1915 meli ya Wajerumani iitwayo Rubens, iliyojigeuza ya Kidenmark, ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikashambuliwa na Waingereza na kukaa chini. Wapiga mbizi waliopoa shehena. Risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Hata hivyo nyingi zilikataa kulia. Fikiria ni nadra kiasi gani kwenye filamu bunduki ya stelingi kusema "tak" na kunyamaza.

Kwa ufupi: upande mmoja ulisalimu amri kwa kuishiwa, upande wa pili ukabadili vita vizima kwa kuogopa kuishiwa. Hakuna aliyekuwa na risasi za stelingi.

Nani alibeba?

Kazi ya kufikisha chakula, risasi na dawa kwa askari wanajeshi huiita logistiki. Pwani na bara ya wakati ule ilifanywa na miguu ya watu, kwa sababu mbung'o waliua punda na farasi, na barabara za magari zilikuwa chache.

Hesabu yake ni ya kikatili. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 25. Posho yake mwenyewe ilikuwa karibu kilo moja ya unga kwa siku. Akienda safari ya siku 12 na kurudi siku 12, amekula karibu mzigo wote, na askari aliyekusudiwa kulishwa hakupata kitu cha maana. Kwa hivyo kadiri jeshi lilivyosogea mbali na reli au bandari, ndivyo wapagazi walivyohitajika kulisha wapagazi wengine. Waingereza waliishia kuandikisha mamia ya maelfu, wengi kwa lazima. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi, na unga usioiva kwa kukosa muda na kuni. Bonde la mto Umba, linalomwaga maji yake karibu na Vanga, liliwalaza kwa homa askari wengi kiasi kwamba baada ya Jasini Waingereza waliondoka huko.

Sasa ile mizinga ya Königsberg. Wajerumani waliiopoa kutoka mtoni mizinga yote 10, wakaifunga magurudumu, na mamia ya watu wakaivuta kwa kamba kupita vichaka na vinamasi. Mmoja umesimama Fort Jesus, Mombasa. Ukivuka feri ya Likoni ni mwendo mfupi kuufikia. Weka kiganja juu ya chuma chake, kisha jiulize ungepanda nao kilima kimoja tu cha Shimba. Filamu iliyoimaliza Königsberg kwa bomu moja imewafuta watu wote waliouvuta mzinga huo.

Cha kuchekesha, waliopiga *The African Queen* waliyaonja waliyoyaacha nje ya hadithi. Watu wengi wa kikosi cha filamu waliugua tumbo huko Kongo na Uganda, Hepburn akiwa mmojawao. Bogart na mwongozaji John Huston walipona, na wenyewe walisema ni kwa sababu walikunywa wiski badala ya maji. Kwenye picha Bogart anasumbuliwa na ruba tu.

Ukitaka kupiga filamu ya Gazi

Vijana wa Kwale wana kamera nzuri siku hizi, wengine hata droni za kupiga picha kutoka angani. Kama kuna anayelifikiria jambo hili, nina maombi machache.

Usipange siku ya kupiga mikokoni bila kuwauliza wavuvi kama ni bamvua au maji mafu, maana kwenye bamvua bahari hujaa na kutoka kwa tofauti kubwa, na mandhari uliyoyaacha asubuhi jioni yatakuwa chini ya maji. Kwenye filamu za kigeni mashua za jeshi hutua ufuoni saa yoyote. Diani zingekwama juu ya mwamba. Keya wako wavue viatu. Wape risasi chache, na mtazamaji aone wakizihesabu. Watu wa Wavell wasiongee Kiarabu cha televisheni. Walikuwa watu wa Mombasa, na miongoni mwao Kiswahili kilitosha. Sumani umpe uso, sauti na muda, na asife ili Mzungu ahuzunike.

Bunduki za Mauser za 1871 fundi mzuri wa mbao atakuchongea, na moshi wake si ghali. Wahindi utawapata. Nyuki waache Tanga. Wapagazi ndio watakaokula bajeti: kwa kila askari unayemwonyesha, itabidi uajiri watu watatu au wanne wa kupita nyuma yake na mizigo kichwani, siku nzima, na wote uwalishe.